Mbuzi wa jicho moja na ng'ombe wa kijani

*"Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mchoraji, naishi Manyatta hapa Kisumu. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikichora hadithi ya picha kuhusu ng'ombe mwenye ngozi ya kijani ambaye hali nyasi, anaota jua tu kama mti, na usiku miguu yake inashusha mizizi. Rafiki yangu anayesomea famasia anasema huo ni upuzi: mnyama ni mnyama, mmea ni mmea. Tulikuwa tukicheka mpaka wiki iliyopita, mbuzi wa mama huko Seme alipozaa kitoto kilichokufa, chenye jicho moja katikati ya uso, hakina pua, na uso umefupika kama wa mtu. Majirani wanasema ni mchanganyiko wa mbuzi na binadamu. Kijana anayemchungia mama ameanza kutazamwa vibaya, na wengine wanataka mbuzi mwenyewe achomwe. Je, viumbe vya namna hii vinaweza kuwepo kweli? Na nimwambie mama nini?"*

Nitaanza na Seme. Ng'ombe wako wa karatasi anaweza kungoja, yule kijana hawezi.

Kitoto kile si mchanganyiko wa mbuzi na mtu. Sisemi "huenda" wala "inaaminika". Ni mbuzi mtupu, mama yake mbuzi na baba yake beberu, aliyeharibika akiwa bado tumboni. Kijana hakufanya lolote ambalo lingeweza kuleta kitoto kile, kwa sababu hakuna mtu duniani anayeweza kufanya hivyo hata akitaka.

Watu hupenda kutaja kromosomu hapa, yaani vile vifurushi vya urithi vilivyo ndani ya seli. Ni kweli seli ya mbuzi ina 60 na yako ina 46, lakini hesabu peke yake haizuii kitu: farasi ana 64, punda ana 62, na bado huzaa nyumbu (namaanisha baghala wa kubeba mizigo, si yule wa Maasai Mara). Kinachozuia ni umbali wa ukoo. Farasi na punda ni kama watoto wa dada wawili. Babu wa pamoja wa mbuzi na binadamu aliishi zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita, na tangu hapo kila upande umejirekebisha kivyake: utando wa yai ambao mbegu sharti ijishikize, kemikali za kufungua mlango wa yai, ratiba ya kiinitete (mtoto anayeanza tu kuumbika), mpaka kondo la nyuma lenyewe. Mbegu ya mtu ikikutana na yai la mbuzi haina inapobisha hodi.

Basi jicho moja lilitoka wapi? Hapa nitatulia kidogo, kwa sababu mama akiielewa sehemu hii ataweza kuwaeleza majirani mwenyewe. Katika kiinitete cha mbuzi, cha kuku, chako na changu, macho hayaanzi yakiwa mawili. Mwanzoni kuna kiraka kimoja cha seli, mbele kabisa ya kitakachokuwa ubongo. Kisha mstari wa katikati ya mwili hutoa ishara ya kemikali inayokiamuru kiraka kile kigawanyike, nusu iende kulia na nusu kushoto. Hilo hufanyika katika siku chache tu. Ishara ikikosekana siku hizo, kiraka hakikatiki, na jicho huwa moja. Pua, ambayo ingeshuka katikati ya macho mawili, inakosa njia. Mara nyingine huota kama kijibomba juu ya jicho, mara nyingine haipo kabisa. Taya la juu nalo halirefuki. Sasa mwondolee mbuzi pua na taya refu uone kinachobaki: uso bapa. Na sisi binadamu uso bapa wowote tunausoma kuwa wa mtu. Hata mbele ya matatu tunaona macho na mdomo.

Ishara hiyo inaweza kuzimwa kwa njia nyingi. Katika miaka ya 1950 wafugaji wa Idaho, Marekani, walikuwa wakipata wanakondoo wa jicho moja, na uchunguzi ukaishia kwenye mmea mmoja wa milimani. Kondoo akiula karibu na siku ya 14 ya mimba, mtoto huharibika usoni. Akiula baadaye, madhara huwa mengine au hayaonekani. Sumu yenyewe ilipewa jina saiklopamini, na miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba inazima ishara ileile niliyoieleza. Mmea ule ni wa milima ya Marekani, kwa hiyo mama asianze kung'oa kila jani la Seme. Nimeutaja uone kwamba kasoro ya kutisha kiasi hicho inaweza kuletwa na mlo wa asubuhi moja. Kwa mbuzi wetu huwa nashuku kwanza beberu. Kama ni huyohuyo mmoja anayepanda mama, dada na binti mwaka nenda mwaka rudi, kasoro za kurithi zitajitokeza tu. Yako pia maambukizi yanayomfikia mtoto tumboni, na wakati mwingine ni bahati mbaya isiyo na mkosaji.

Sasa hofu iliyo ya kweli. Ningetaka kujua ni nani alikishika kitoto kile na kondo lake kwa mikono mitupu. Mbuzi akitupa mimba au akizaa mfu, sababu inaweza kuwa bruselosi au homa ya Bonde la Ufa, na magonjwa hayo humpata binadamu kupitia damu, maji ya uzazi na maziwa mabichi. Kama mzoga haujazikwa, mama avae glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi, auzike kwa kina ambacho mbwa hatafukua, kisha anawe kwa sabuni. Mjamzito asisogee kabisa. Maziwa yachemshwe mpaka yafure. Mbuzi mzazi atengwe na wenzake kwa siku kadhaa, na asichinjwe wala kuuzwa kabla daktari wa mifugo wa wadi hajamwona. Akiwa na joto, akitoa uchafu unaonuka, au kama kondo la nyuma halijatoka, daktari aitwe leo. Mbuzi wa pili akitupa mimba, wa mama au wa jirani, aitwe pia, na aombwe achukue sampuli za maabara. Na yeyote aliyemshika mbuzi akipata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, aende hospitali na aanze maelezo yake kwa kumtaja mbuzi. Nimeona watu wakitibiwa malaria mara tatu kwa kuwa hakuna aliyeuliza habari za zizi.

Kuhusu kijana, usiliache likae. Mwende kwa naibu wa chifu pamoja na daktari wa mifugo, aeleze mbele ya watu aliyoyaona. Maneno ya mtu aliyemkagua mnyama yana uzito kuliko barua yangu. Na kijana akitishwa, msingoje baraza, mpelekeni mahali salama na mpige ripoti polisi.

Haya, ng'ombe.

Rafiki yako ana haki nusu. Kuna mipaka isiyovukika kwa kuzaana, kama nilivyosema. Lakini amekosea kudhani kwamba "mnyama" na "mmea" ni vyumba viwili vyenye ukuta wa zege. Ni madroo tuliyoyatengeneza sisi ili tusipoteze vitu, na viumbe hawakuulizwa.

Tutenganishe kwanza maneno mawili yanayochanganywa sana. Chotara anatokana na yai la huyu na mbegu ya yule, hivyo kila seli yake imechanganyika. Mwaka 2020, kando ya Tsavo, punda milia jike aliyekuwa ametoka mbugani na kuzoea kuishi na ng'ombe wa wanakijiji alionekana na mtoto wa rangi ya udongo mwenye milia miguuni: baba yake alikuwa punda wa kawaida. Huyo ni chotara. Kimera ni kitu kingine (si kile cha busaa, ingawa jina limegongana). Kimera ana seli za viumbe wawili zilizokaa bega kwa bega bila kuchanganyika. Mwaka 1984 watafiti wa Cambridge waliunganisha viinitete vya kondoo na mbuzi, wakapata mnyama mwenye viraka vya sufu hapa na viraka vya nywele za mbuzi pale. Ukitaka kuchora mnyama wa viraka, neno lako ni kimera.

Na usidhani chotara ni jambo la ng'ambo. Muulize mvuvi yeyote wa Dunga kuhusu fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Ziwa letu lilikauka, au karibu likauke, kama miaka 15,000 iliyopita, na tangu lijae tena wametokea fulu wa aina zaidi ya 500. Watafiti waliosoma jeni zao walieleza mwaka 2017 kwamba ukoo huo wote unatokana na kuchanganyika kwa koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili. Uchotara wa kale ndio uliowapa utajiri wa maumbo. Kuna jamii mojawapo ambayo jina lake la kisayansi ni *Pundamilia*, kwa Kiswahili hicho hicho, na ndani yake yumo *Pundamilia nyererei*, jina la Mwalimu. Dume wake ana wekundu mgongoni. Dume wa *Pundamilia pundamilia* ni wa kibuluu. Majike huchagua kwa rangi. Pale maji yalipochafuka na mwanga ukapungua, majike hawakuona tena rangi vizuri, na aina hizo zikaanza kuzaana. Hayo yalichapishwa mwaka 1997, kutokana na kazi ya upande wa Mwanza. Fikiria: mpaka kati ya spishi mbili ulikuwa unashikiliwa na usafi wa maji tu.

Lakini kuvuka kutoka mnyama hadi mmea hakuwezi kwenda kwa njia ya ndoa. Viumbe waliovuka mpaka huo walipita mlango wa jikoni: mmoja alimmeza mwenzake akashindwa kummeng'enya. Kila jani la sukuma wiki ni kijani kwa sababu ya vidonge vidogo vinavyogeuza jua kuwa chakula, vinavyoitwa kloroplasti, na kloroplasti zamani zilikuwa bakteria huru. Ndugu zao wa leo ndio ule utando wa kijani unaofunika Ghuba ya Winam, na ndio wanaoliwa na flamingo kule Nakuru. Mwanabiolojia Lynn Margulis alipoitetea hoja hiyo kwa kirefu mwaka 1967, majarida mengi yalikuwa yameikataa makala yake. Leo hoja hiyo imo katika vitabu vya shule. Mwenyewe umebeba wageni wa namna hiyo: mitokondria, zinazokupa nguvu za kushika penseli, zilikuwa bakteria, zina DNA yao, nawe ulizirithi kwa mama tu. Na rafiki yako wa famasia atakumbuka kwamba insulini atakayoiuza hutengenezwa na bakteria au hamira waliotiwa jeni ya binadamu. Iliruhusiwa Marekani tangu 1982. Hakuna anayesema bakteria hao ni watu.

Kuna konokono mmoja wa bahari, asiye na gamba, wa pwani ya mashariki ya Marekani, jina lake *Elysia chlorotica*. Anafyonza mwani kama mtu anayenyonya muwa, ila kloroplasti hazimeng'enyi, anazitandaza chini ya ngozi. Anakuwa kijani, na huweza kuishi miezi kadhaa bila kula akiwa mwangani. Umbo lake ni la jani, mishipa na yote. Nikuonye kidogo: ndugu zake wengine wa kijani walipofungiwa gizani waliishi muda mrefu vilevile, kwa hiyo bado wataalamu wanabishana jua linamlisha kwa kiasi gani. Hata upande wa wanyama wenye uti wa mgongo yuko salamanda mwenye madoa wa Amerika Kaskazini, jamaa ya chura aliyebaki na mkia, ambaye mwani huingia mpaka ndani ya seli za kiinitete chake.

Kwa hiyo mpaka unavukika. Kinachomwangusha ng'ombe wako ni hesabu, na hesabu hii unaweza kuifanya kwa yuniti za tokeni ya stima. Jua la Kisumu humwaga kama yuniti 5 au 6 kwa siku kwenye kila mita mraba. Mgongo na mbavu za ng'ombe wa kilo 300 zinazopata jua vizuri tuseme ni mita mraba 2, kwa hiyo anapokea yuniti 11. Mimea ya shambani huhifadhi kama sehemu 2 kwa 100 tu za jua, tena ikijitahidi. Ng'ombe wako atalala na yuniti 0.22. Na ng'ombe huyo, ili asimame tu na kupumua, bila maziwa wala mimba, anahitaji kama yuniti 10. Angehitaji ngozi ya mita mraba 90, sawa na nyumba ya vyumba vitatu. Ndiyo maana jani ni jembamba na halitembei, na ndiyo maana konokono yule ni mdogo, baridi, bapa na mvivu. Umbo la ng'ombe ni pipa, na pipa ni umbo la kuficha seli mbali na jua.

Mizizi ya usiku nayo ingemnywesha maji na chumvichumvi, si chakula. Tena kuing'oa kila asubuhi ni kujijeruhi kila asubuhi.

Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa njia tatu. Ya kwanza, mfanye ng'ombe awe kitu bapa na baridi: atanue ngozi mgongoni kama mabati, alale mchana kutwa, atembee hatua chache kwa siku. Atawezekana kidogo, lakini hutamtambua kuwa ng'ombe. Ya pili, acha hesabu kabisa. Wazee wa Gwassi wanasimulia Nyamgondho, mvuvi aliyenasa mwanamke ziwani, akatajirika kwa ng'ombe alioleta, kisha akamtukana akiwa amelewa. Mwanamke akarudi majini, mifugo yote ikamfuata, naye Nyamgondho akabaki amesimama ufuoni mpaka akawa mti. Hakuna aliyewahi kuwauliza wazee wale mti huo ulipata wapi kloroplasti. Hadithi ya namna hiyo ina haki yake, mradi msomaji ajue yuko katika hadithi.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na huhitaji kubuni sana. Ng'ombe aliyeko zizini tayari ni kiumbe cha mchanganyiko. Yeye mwenyewe hana uwezo wa kumeng'enya nyuzi za nyasi. Ulishaona tumbo kubwa likipasuliwa siku ya matanga: mvuke unapanda, harufu kali ya uchachu, majani yaliyosagika ndani ya supu ya kijani iliyo moto kama mwili. Ile supu ni hai. Mabilioni ya bakteria, kuvu na vijidudu vyenye vinyweleo wanachachusha nyasi. Ng'ombe anaishi kwa asidi wanazotoa, kisha anawameng'enya wao wenyewe wakishuka tumbo la mwisho. Pana shamba ndani ya ng'ombe. Kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya mama ni hivyohivyo: mchwa hawajui kula mti mkavu vizuri, wanalima kuvu ndani ya giza awasagie, na ule uyoga mnaochuma mvua ikinyesha ni kichwa cha shamba lao. Na siku ukipanda Kit Mikayi, tazama mabaka ya kijivu na ya machungwa yaliyoganda kwenye majabali. Ni kuvumwani: kuvu na mwani waliokaa pamoja mpaka wakapata umbo ambalo hakuna kati yao angelipata peke yake.

Chora kutoka hapo. Mpasue ng'ombe wako ubavu mmoja, umwoneshe msomaji msitu ulio ndani. Rangi ya kijani ihame kutoka ngozini iingie tumboni, ambako iko tayari.

Na rafiki yako akikataa bado, njooni naye. Chota maji ya mtaro uliosimama pale Nyalenda, nusu chupa ya jemu, uweke dirishani siku nne bila kukaza kifuniko. Chota kwa kijiko, usitie mkono. Mara nyingi mle huwa na yuglena: seli moja ya kijani kama jani, inayoogelea kwa mkia kama mnyama, ina doa jekundu linaloisaidia kuhisi mwanga, na ikikosa jua hula kile kilichomo majini. Nina hadubini mbili ofisini. Atazame yeye kwanza, kisha aniambie anaiweka droo gani. Michoro pia uje nayo, na nijulishe daktari wa mifugo alisema nini kuhusu mbuzi wa mama.